"Umekunywa dawa?" si sawa na "Umekunywa dawa.": tukate stringi (mfuatano wa herufi) bila kupoteza alama

#1 MsimboDar (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Uzi ni mrefu kidogo, naomba mnivumilie, maana jambo hili limenikaa rohoni wiki nzima.

Nina programu ndogo inayotuma meseji za kuwakumbusha wagonjwa wa kituo kimoja cha afya kunywa dawa na kuhudhuria kliniki. Muuguzi anaandika ujumbe mmoja, programu inaukata sentensi kwa sentensi, halafu inazipanga sentensi hizo kwenye meseji ili isitokee sentensi ikaanza kwenye meseji ya kwanza na kumalizikia kwenye ya pili. Mgonjwa anajibu NDIYO au HAPANA.

Wiki iliyopita nilisafisha msimbo, na majibu yakakatika. Siku ya pili muuguzi akanipigia: kuna mzee amefika na simu mkononi, anataka kujua nani aliyewaambia kuwa ameshakunywa dawa wakati hajanywa. Alikuwa amesoma "Umekunywa dawa." akadhani wameandika hivyo kwenye faili lake, kwa hiyo dozi ya siku hiyo haimhusu. Msimbo niliouandika, kwa lugha ya programu ya Python, ni huu:

```
import re

ujumbe = "Habari ya asubuhi. Umekunywa dawa? Usisahau kliniki Jumanne!"
sentensi = re.split(r"[.?!]\s*", ujumbe)
# ['Habari ya asubuhi', 'Umekunywa dawa', 'Usisahau kliniki Jumanne', '']
```

Alama zote tatu zimeyeyuka. Baadaye nikaziunga sentensi kwa nukta na nafasi, na swali la muuguzi likageuka taarifa.

Tena sisi tunaoandika Kiswahili tuna sababu ya ziada ya kujali. Mwingereza akiuliza hubadilisha mpangilio wa maneno, hivyo hata ukimpokonya alama ya kuuliza swali lake bado utalitambua. Sisi maneno hayasogei. "Juma amefika" ni taarifa, "Juma amefika" ni swali, tofauti ni sauti inavyopanda. Kwenye maandishi sauti hiyo imebebwa na kijialama kimoja tu. Kuna "je", sawa, lakini muuguzi mwenye foleni ya watu mlangoni haandiki "je" kila mara, na si haki kumlazimisha ili msimbo wangu upumue.

Kwa hiyo nimejifunza jambo moja: tunachokiita kitenganishi si ganda la karanga la kutupa. Mara nyingi ndani yake mna maana. Unapoita `split` ya kawaida unaiambia kompyuta kwamba kilichopo kati ya vipande hakina thamani. Kwenye orodha ya majina yaliyotenganishwa kwa mkato, kweli hakina. Kwenye sentensi za watu, kina.

Dawa ya haraka kwa Python ni mabano. Ukiizungushia mabano rejeksi yako (regex, ile ruwaza ya kutafutia alama kwenye maandishi), `re.split` inakurudishia na vitenganishi vyenyewe:

```
vipande = re.split(r"([.?!]+\s*)", ujumbe)
# ['Habari ya asubuhi', '. ', 'Umekunywa dawa', '? ',
#  'Usisahau kliniki Jumanne', '!', '']
```

Orodha hiyo ina mpangilio usiobadilika: nafasi shufwa (0, 2, 4...) ni maneno, nafasi witiri (1, 3, 5...) ni alama. Urefu wake daima ni witiri, kwa sababu alama ya mwisho lazima ifuatwe na kipande, hata kama ni stringi tupu. Ukishajua hivyo, kuvifunga pamoja ni mstari mmoja:

```
sentensi = [a + b for a, b in zip(vipande[0::2], vipande[1::2] + [""])]
```

Ile `[""]` ya mwisho ni kwa ajili ya kipande cha mwisho kisicho na alama baada yake.

Nimeshalirekebisha kwa wagonjwa, hilo msihofu. Nilimpigia yule mzee mwenyewe nikamwomba radhi. Ninachotaka hapa ni tukusanye uzoefu, kila mtu kwa lugha anayotumia, maana nina hakika sipo peke yangu.

---

#2 Kidato_na_Kibodi

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, naomba kuuliza swali huenda ni dogo. Kwa nini usiache `split` kama ilivyo, halafu mwishoni uangalie sentensi kama ni swali ndipo urudishe "?"?

---

#3 MsimboDar

Marahaba mdogo wangu. Si dogo, ndilo swali lenyewe.

Utajuaje kuwa ni swali baada ya kuifuta alama? "Umekunywa dawa" haitoi dokezo lolote. Taarifa ikishatoka kwenye stringi huwezi kuikisia irudi. Unachoweza ni kuzuia isitoke.

Na kuna jaribio moja la kuweka kwenye kila kazi ya namna hii, liandike hata kabla ya funksheni yenyewe:

```
assert "".join(kata(ujumbe)) == ujumbe
```

Ukivishona vipande upate ulichokuwa nacho mwanzo, herufi kwa herufi, nafasi kwa nafasi. Isipokuwa hivyo, kuna kitu umekidondosha njiani. Ningekuwa nalo wiki iliyopita, yule mzee asingepoteza dozi.

---

#4 JavaMkongwe

Mkuu, pole kwa yaliyokupata, na hongera kwa kuyasema hadharani.

Upande wa Java hiyo njia ya mabano haifanyi kazi, na imewachosha wengi wanaohamia kutoka Python au Perl. `String.split` ya Java hutupa kitenganishi hata ukikizungushia mabano kumi. Tulichozoea ni kuchungulia nyuma:

```
String[] sentensi = ujumbe.split("(?<=[.?!])\\s+");
```

`(?<=[.?!])` maana yake "kata hapa iwapo nyuma yako kuna mojawapo ya alama hizi". Kuchungulia hakuli herufi yoyote. Kinacholiwa ni nafasi tupu tu, alama inabaki imeshikamana na sentensi yake. Ukitaka hata nafasi zibaki, ondoa `\\s+` ukate mahali pasipo na upana wowote.

Tahadhari mbili. Ya kwanza, `split` ya Java hufuta stringi tupu za mwishoni kimyakimya, hivyo ukihesabu vipande na kutegemea idadi fulani utashangaa. Mpe `-1` kama hoja ya pili azibakize. Ya pili, ukikata mahali pasipo na upana mwanzoni kabisa mwa stringi, Java 7 ilikuwa ikikupa stringi tupu ya kwanza, Java 8 ikaacha. Tulihamisha mfumo mmoja wa zamani, tukakuta kila safu imesogea hatua moja. Siku nzima ilikwisha kwa hilo.

Kwa walio kwenye Java 21, ile ya 2023, mateso yamekwisha:

```
String[] vipande = ujumbe.splitWithDelimiters("[.?!]+\\s*", -1);
```

Inakupa maneno na alama kwa kupokezana, sawa na Python yenye mabano. Kabla ya hapo tulikuwa na `StringTokenizer` yenye `true` kama hoja ya tatu. Ipo tangu Java ya kwanza kabisa na bado inafanya kazi, ila inajua herufi mojamoja tu, si rejeksi, na nyaraka za Java zenyewe hazishauri uitumie kwenye msimbo mpya.

---

#5 Nai_Kibanda

Wadau, niko Nairobi, kazi yangu ni ya kurasa za wavuti. JavaScript inafuata njia ya Python, mabano yananasa, yaani yanakishika kitenganishi na kukirudisha:

```
const vipande = ujumbe.split(/([.?!]+\s*)/);
```

Wale wakongwe mtakumbuka Internet Explorer kabla ya toleo la 9. Ilikuwa inavitupa vilivyonaswa wakati vivinjari vingine vinavirudisha, kwa hiyo msimbo uleule ulikuwa na majibu mawili.

Siku hizi tatizo limehamia kwenye kuchungulia nyuma. Iliingia rasmi kwenye lugha mwaka 2018, lakini Safari haikuipokea hadi toleo la 16.4, mwaka 2023. Na ubaya wake ni mkubwa kuliko unavyodhani: kivinjari kisichoijua hakiruki mstari ule tu, kinalikataa faili zima kwa kosa la sarufi kabla ya kuendesha chochote. Mteja wangu mwenye iPhone ya miaka mingi alikuwa anaona ukurasa mweupe. Nilikesha nikitafuta kwenye seva, kumbe ni mabano yenye `?<=` ndani. Kwa hiyo nikiandika kitu kitakachofunguliwa na simu za watu wa kawaida, natumia mabano ya kunasa.

Kuna wanaopendelea kugeuza swali, badala ya kukata wanaokota:

```
ujumbe.match(/[^.?!]+[.?!]*\s*/g)
```

Inapendeza, lakini mpe ujumbe unaoanza na alama, mfano "...halafu akaondoka.", uone. Nukta tatu za mwanzo zinapotea bila onyo. Kuokota huchukua kinacholingana na kuacha kisicholingana. Kukata kwa mabano hakuachi kitu nyuma. Lile jaribio la mleta uzi lingekamata hili papo hapo.

---

#6 Kidato_na_Kibodi

Asanteni. Nimejaribu ya Python nikaandika hivi, imeniletea vitu viwiliviwili:

```
re.split(r"((\.|\?|!)\s*)", ujumbe)
# ['Habari ya asubuhi', '. ', '.', 'Umekunywa dawa', '? ', '?', ...]
```

Nimekosea wapi?

---

#7 MsimboDar

Una jozi mbili za mabano, na kila jozi inanasa. Ya nje imeshika ". " na ya ndani imeshika "." yenyewe, zote zimeingia kwenye orodha. Mabano ya ndani umeyaweka kwa kupanga tu, kwa hiyo yaambie yasinase: `(?:\.|\?|!)`. Au andika `[.?!]`, ndiyo fupi.

Lipo na kosa la ndugu yake. Ukiandika `(\.)|(\?)`, kila mahali palipokatwa utapata vitu viwili, na kimoja kati yao ni `None`, kwa sababu kundi lile halikushiriki. Ukijaribu kuviunga kwa `join`, Python itakukatalia kwa kosa. JavaScript hukupa `undefined` na `join` yake inaigeuza utupu bila kusema neno, hivyo huko unaweza kukaa nalo mwaka mzima. Kanuni niliyojiwekea: jozi moja tu inayonasa, na inazunguka rejeksi nzima.

---

#8 ZiwaTanganyika

Wakuu salaam kutoka Kigoma. PHP bado inalisha watu, tusiisahau:

```
$vipande = preg_split('/([.?!]+\s*)/u', $ujumbe, -1,
    PREG_SPLIT_DELIM_CAPTURE);
```

Wengi huongeza `PREG_SPLIT_NO_EMPTY` ili kuondoa stringi tupu. Msifanye hivyo kama mnategemea shufwa na witiri alizozieleza mleta uzi. Ujumbe ukianza na alama, kipande cha kwanza ni tupu, kinafutwa, na tangu hapo alama zinakaa kwenye viti vya maneno na maneno kwenye viti vya alama. Ondoeni tupu baada ya kuvifunga, si kabla.

Na hiyo `u` mwishoni iacheni. Bila hiyo PHP inasoma baiti, si herufi.

Swali kwako mkuu: saa unazifanyaje? Sisi huku tunaandika "saa 2.30 asubuhi". Rejeksi yako ya `\s*` itaikata katikati, mgonjwa aambiwe aje saa mbili, dakika zimetupwa kwenye sentensi nyingine. Na "Dkt." je? Na "Sh. 5,000"?

---

#9 MsimboDar

Umenigusa penyewe, maana hapo ndipo nilipokesha jana.

Ya saa ni rahisi: dai nafasi au mwisho wa ujumbe baada ya alama, yaani `(?:\s+|$)` badala ya `\s*`. "2.30" inapita salama kwa sababu nukta imefuatwa na tarakimu.

Ya vifupisho ni ngumu zaidi. "Dkt. " ina nukta na nafasi kama sentensi yoyote iliyokwisha. Nimekataza kwa kuchungulia nyuma kinyume:

```
ALAMA = re.compile(
    r"(?<!\bDkt)(?<!\bBw)(?<!\bBi)(?<!\bSh)([.?!]+(?:\s+|$))")

def kata(ujumbe):
    v = ALAMA.split(ujumbe)
    return [a + b for a, b in zip(v[0::2], v[1::2] + [""]) if a + b]
```

Mtauliza kwa nini sikuandika `(?<!Dkt|Bw|Bi)` mara moja. Python inadai kinachochunguliwa nyuma kiwe na urefu mmoja unaojulikana, na "Dkt" ni herufi tatu, "Bw" ni mbili. Ndiyo maana nimevipanga mmoja baada ya mwingine.

Kifupisho kilichonishinda ni "n.k." Vyeo kama Dkt. na Bw. havimalizi sentensi, vinafuatwa na jina. Lakini "n.k." inaweza kusimama katikati ("dawa, maji n.k. kabla ya kulala") au mwisho ("leta kadi, dawa n.k. Fika mapema."). Kanuni yangu kwa sasa: ikifuatwa na herufi kubwa, kata, ikifuatwa na ndogo, acha. Itakosea pale jina la mtu litakapofuata moja kwa moja. Nimemweleza muuguzi, naye amekubali kuandika "na kadhalika" kwa kirefu. Mara nyingine kuongea na mtu kunamaliza kazi kuliko rejeksi.

Baada ya kukata, kupanga kwenye meseji ni hivi:

```
def gawa(ujumbe, kikomo=160):
    meseji, sasa = [], ""
    for s in kata(ujumbe):
        if sasa and len(sasa) + len(s) > kikomo:
            meseji.append(sasa)
            sasa = ""
        sasa += s
    if sasa:
        meseji.append(sasa)
    return meseji
```

---

#10 Mtepe

Assalaam alaykum, na wengine nyote hamjambo. Niko Zanzibar, kazi yangu ni kuingiza tenzi na mashairi kwenye kompyuta kutoka daftari za mkono. Nimefuata uzi huu tangu mwanzo na nina mawili.

La kwanza ni ng'. Angalieni:

```
re.split(r"(\W+)", "Ng'ombe wangu")
# ['Ng', "'", 'ombe', ' ', 'wangu']
```

Kompyuta inaona ritifaa ile (kialama cha ') ni alama ya nje ya neno. Kwetu ni sehemu ya herufi. Ng'ombe si "ng" na "ombe", wala ng'ambo si "ng" na "ambo". Hapa kitenganishi kimehifadhiwa vizuri kabisa na matokeo bado ni makosa, kwa sababu hakikuwa kitenganishi tangu mwanzo. Ninachotumia:

```
re.findall(r"(?:ng['’]|\w)+", matini, re.IGNORECASE)
```

Inajaribu ng' kwanza, ikikosa ndipo inachukua herufi moja. Uzuri wake, neno likiwa ndani ya alama za kunukuu za aina hiyohiyo, 'kama hivi', alama za nje haziingii. Nimeweka sura mbili za ritifaa, iliyonyooka na iliyopinda, kwa sababu programu za kuandikia nyaraka huipinda zenyewe bila kukuuliza.

La pili ni mizani, yaani hesabu ya silabi. Utenzi una vipande vinne kila ubeti, kila kipande mizani minane, na mimi nataka kompyuta inionyeshe kipande kilichopungua ili nirudi kwenye daftari kuangalia kama nimenakili vibaya. Silabi zetu huishia irabu. Kwa maneno yenu ya hapa, irabu ni kitenganishi, na ukikitupa hubakiwi na kitu: "watoto" inakuwa w, t, t. Kwa hiyo nakata baada ya irabu na kuiacha na konsonanti yake: wa, to, to.

Tatizo ni m inayosimama peke yake kama silabi, m-tu, m-ti, a-m-ka. Nimefika hapa:

```
re.findall(r"m(?=[^aeiouwybv])|[^aeiou]*[aeiou]", neno)
# mtu      -> m, tu
# amka     -> a, m, ka
# hamsini  -> ha, m, si, ni
# shamba   -> sha, mba
```

Nimeiondoa b na v makusudi. "Nyumba mbaya": mba-ya, mizani miwili. "Mtu mbaya": m-ba-ya, mitatu. Tahajia moja, ngeli tofauti, na rejeksi haijui ngeli. Hayo nayatazama kwa jicho.

---

#11 MsimboDar

Dada, waalaykum salaam. Nimesoma mara tatu. Hilo la irabu sikuwahi kulifikiria, na limenieleza jambo langu kuliko nilivyolieleza mwenyewe.

Nimeipitisha rejeksi yako kwenye jaribio la kushona, ikagoma kwenye "maalim". Imetoa ma, a, li, na m ya mwisho imepotea: haina herufi baada yake ya kuchungulia, wala irabu ya kuishikilia. Maneno yaliyokuja na m ya mwisho namna hiyo yatakupunguzia. Ongeza tawi la tatu la kuokota masalio:

```
r"m(?=[^aeiouwybv])|[^aeiou]*[aeiou]|[^aeiou]+$"
```

Sasa inatoa ma, a, li, m. Kama hiyo m unaihesabu mizani au unaiunganisha na "li", wewe ndiye mwenye elimu hiyo.

Na kuhusu ritifaa iliyopinda, hapo umeniokoa. Meseji ya kawaida ina herufi 160, au 153 kwa kila sehemu zikiunganishwa. Lakini hesabu hiyo ni kwa herufi zilizomo kwenye jedwali la GSM (orodha ya herufi za msingi za meseji za simu) tu. Ritifaa iliyonyooka imo, iliyopinda haimo. Ikiingia moja tu, ujumbe mzima unahamia kwenye mfumo wa baiti mbili kwa herufi na kikomo kinashuka hadi 70, au 67 kwa zilizounganishwa. Muuguzi akinakili "ng’ombe" kutoka kwenye waraka wa elimu ya lishe, meseji moja inakuwa tatu, na kituo kinalipia zote. Nimeongeza mstari wa kunyoosha ritifaa kabla ya `gawa`. Nyoosha kwanza, hesabu baadaye.

---

#12 JavaMkongwe

Hilo la "maalim" limenifurahisha sana. Jaribio la mstari mmoja limekamata kosa ambalo sisi sote tulilisoma tukalipita.

---

#13 GoPwani

Wa Go tupo pia. Kama kitenganishi ni kimoja kisichobadilika, mnayo `strings.SplitAfter`, inakata baada yake na kukiacha mwishoni mwa kipande. Kwa kusoma mistari yenye `\n` inatosha kabisa.

Kwa alama nyingi msihangaike: rejeksi za Go hazina kuchungulia mbele wala nyuma, na `Split` yake hairudishi vilivyonaswa. Tafuteni mahali zilipo, mkate wenyewe:

```
alama := regexp.MustCompile(`[.?!]+(?:\s+|$)`)
mwanzo := 0
for _, p := range alama.FindAllStringIndex(ujumbe, -1) {
    sentensi = append(sentensi, ujumbe[mwanzo:p[1]])
    mwanzo = p[1]
}
if mwanzo < len(ujumbe) {
    sentensi = append(sentensi, ujumbe[mwanzo:])
}
```

Hiyo `if` ya mwisho ndiyo inayosahaulika, na ndiyo inayobeba sentensi ambayo mwandishi hakuiwekea nukta. Watu wengi hawaweki nukta mwisho wa meseji.

Na kwa ile hesabu ya 160 msitumie `len`, Go inahesabu baiti. Ritifaa iliyopinda pekee ni baiti tatu.

---

#14 Maskati_Mjini

Salaam kutoka Muscat. Huku wazee wetu huchanganya Kiswahili na Kiarabu kwenye ujumbe mmoja, na kuna wanaoandika Kiswahili kwa hati ya Kiarabu kama babu zao. Alama ya kuuliza ya huko ni ؟ wala si ?. Kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti kabisa. Nimekata meseji za ukoo wetu kwa msimbo wa #9, na maswali yote ya bibi yameungana na sentensi zinazofuata. Ongezeni ndani ya mabano ya mraba: `[.?!؟]`.

---

#15 MsimboDar

Nimeiongeza sasa hivi mkuu, pamoja na jaribio lake. Shukrani.

---

#16 Mtepe

Narudi na taarifa. Nimepitisha daftari zima usiku huu. Vipande vingi vimetoka minane safi. Vilivyopungua, baadhi ni makosa yangu ya kunakili, nimeacha neno. Vingine ni "mbwa" na "mvuvi", ambavyo rejeksi inameza m yake na kupunguza mizani mmoja. Nimeviweka kwenye orodha ya pembeni inayosomwa kabla ya rejeksi, na kila nikikutana na kipya nakiongeza.

Ipo beti moja bado ina mizani saba kwenye kipande cha pili hata baada ya hayo yote. Nimerudi kwenye daftari nikakuta wino umeliwa na maji hapo hapo. Nimeacha nafasi wazi.